Kamanda Cousteau, mtu aliyewavalisha wengi kioo cha kuonea baharini

Mnamo Novemba 1951, kwenye bandari ya Toulon, kusini mwa Ufaransa, watu walikuwa wakipakia vitu ndani ya meli ya mbao yenye urefu wa mita 42. Walipakia mitungi ya hewa, kamera zilizofungwa ndani ya masanduku yasiyopitisha maji, chupa za kuhifadhia samaki, vyakula vya miezi na mapipa ya mafuta. Karibu kila kitu kilikuwa kimeombwa au kimekopwa. Meli yenyewe haikuwa mali ya yule aliyeiongoza, na mke wake alikuwa ameuza vito vyake vya dhahabu ili mashine ipate mafuta na wanamaji wapate chakula. Safari ilikuwa ya kwenda Bahari Nyekundu, kutazama samaki.

Leo hii mtu mwenye franka zake anayetaka kuogelea pembeni ya manta, yule samaki mkubwa bapa anayepiga mabawa kama ndege, ananunua tikiti ya ndege, anaweka ndani ya sanduku kioo cha uso, tuba ya kupumulia na viatu vya mpira vyenye mapezi, kisha anaenda Maldivi au Indonesia. Mwaka 1951 safari ya namna hiyo haikuuzwa na mtu yeyote. Ilibidi itengenezwe toka mwanzo, na aliyeitengeneza kwa kelele kubwa kuliko wote ni Jacques-Yves Cousteau, mwanajeshi wa majini ambaye ulimwengu wa wasema Kifaransa ulimzoea kwa jina la Kamanda Cousteau.

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 huko Saint-André-de-Cubzac, mji mdogo karibu na Bordeaux. Baba yake, Daniel, alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi kwa matajiri wa Kimarekani, na hiyo ndiyo sababu mtoto aliishi muda fulani New York. Katika kambi moja ya likizo huko Vermont alipewa kazi ya kutoa matawi yaliyooza chini ya ziwa, na hapo akajifunza kufungua macho ndani ya maji. Shuleni hakuwa mtoto mpole. Alivunja vioo vya madirisha, akafukuzwa. Lakini alipenda mashine, na akiwa na umri wa miaka 13 alinunua kamera yake ya kwanza ya filamu. Kamera ilimfuata maisha yote, na ndiyo iliyomfanya ajulikane kuliko wazamiaji wengine waliokuwa hodari kumshinda.

Mwaka 1930 aliingia shule ya wanamaji wa Ufaransa mjini Brest. Ndoto yake ilikuwa kurusha ndege za jeshi la majini. Ndoto hiyo iliishia barabarani: mwaka 1936, usiku, gari la baba yake lilipinduka naye ndani, mikono ikavunjika, wa kulia ukafa ganzi kwa miezi mingi. Urubani ukafungwa. Alipelekwa Toulon, na huko mwenzake wa jeshi, Philippe Tailliez, akamshauri aogelee kila siku ili mikono ipate nguvu. Siku moja ya mwaka huohuo, kwenye ufuko wa Le Mourillon, alivaa miwani ya kuogelea akainamisha uso ndani ya maji. Akaona mawe yaliyofunikwa na majani ya bahari na samaki wakipita katikati yake. Alipoinua kichwa, magari ya mji yalikuwa bado yanapita barabarani. Tangu siku hiyo hakufikiria tena ndege.

Mwaka uliofuata alimwoa Simone Melchior, msichana wa ukoo wa wanamaji. Wakapata watoto wawili wa kiume, Jean-Michel mwaka 1938 na Philippe mwaka 1940. Pamoja na Tailliez na mwindaji samaki mmoja asiye na mwingine wa kumlinganisha naye, Frédéric Dumas, Cousteau aliunda kikosi cha marafiki watatu waliozama kila siku waliyopata nafasi. Shida yao ilikuwa pumzi. Mtu akishika pumzi anakaa chini dakika moja au mbili, kisha anapanda. Wazamiaji wa zamani walivaa kofia nzito ya chuma na viatu vya risasi, wakapokea hewa kwa bomba refu toka juu. Walitembea chini ya bahari kama wafungwa. Cousteau alitaka kuruka majini kama samaki.

Jibu lilipatikana wakati wa vita, na lilitokana na ukosefu wa mafuta. Wajerumani walikuwa wamechukua petroli yote ya Ufaransa. Wafaransa wakatengeneza magari yanayotembea kwa gesi, jambo ambalo mtu wa Bukavu au Bunia aliyepanga foleni siku nzima kwa lita tano atalielewa bila kufafanuliwa. Mjini Paris, injinia Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa amebuni kifaa kidogo cha kupima gesi inayoingia katika mashine kulingana na mahitaji yake. Baba yake Simone alikuwa mkubwa katika kampuni hiyo, na ndivyo Cousteau alivyofika kwenye meza ya Gagnan. Wawili hao walikigeuza kifaa kile kiwe cha mapafu: mzamiaji akivuta, hewa inakuja kwa nguvu ileile ya maji yanayomzunguka, akiacha kuvuta, inakatika. Jaribio la kwanza lilifanyika mwanzoni mwa 1943 katika mto Marne. Kulikuwa na kasoro, hewa ilitoroka mzamiaji aliposimama wima. Ilirekebishwa, na katika kiangazi cha mwaka huo Cousteau akazama nacho kusini, kwenye pwani ya Mediterania. Mashine ikaitwa Aqua-Lung, yaani pafu la majini. Historia mara nyingi inamsahau Gagnan, ingawa bila yeye kusingekuwa na Cousteau tunayemjua.

Miaka hiyo ya vita ina upande ambao filamu zake hazikuonyesha. Kaka yake mkubwa, Pierre-Antoine, alikuwa mwandishi wa gazeti lililounga mkono Wajerumani na kuwatukana Wayahudi. Baada ya vita alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikapunguzwa na hatimaye akaachiliwa. Mdogo wake alienda mahakamani kumtetea. Jacques-Yves mwenyewe alipewa nishani kwa kazi ya upelelezi dhidi ya majeshi yaliyoikalia Ufaransa.

Vita ilipokwisha, jeshi la majini liliwapa Cousteau na Tailliez kitengo cha utafiti wa chini ya bahari huko Toulon. Walitoa mabomu yaliyolala bandarini, wakatafuta mipaka ya mwili wa binadamu, na wakalipa kwa roho ya mtu. Mwaka 1947, Maurice Fargues alishuka hadi mita 120 kwa hewa ya kawaida. Walipomvuta juu alikuwa amekwisha kufa. Mwaka mmoja kabla, Cousteau na Dumas nao walikaribia kufia ndani ya chemchemi ya Vaucluse, kwa sababu mashine ya kujaza mitungi ilikuwa imevuta moshi wake yenyewe na kuuchanganya na hewa yao.

Kilichokosekana ni meli. Mwaka 1950 tajiri Mwingereza Loel Guinness alinunua meli moja kuukuu iliyokuwa Malta. Ilijengwa Marekani mwaka 1942 kwa ajili ya kufagia mabomu ya majini, na baada ya vita ikawa inavusha watu na magari kati ya Malta na kisiwa cha Gozo. Jina lake Calypso. Guinness alimkodishia Cousteau kwa franka moja kwa mwaka. Zawadi hiyo, hata hivyo, ilikula pesa. Ilibidi kutoboa sakafu ili wazamiaji washukie ndani ya meli, na mbele, chini ya maji, kujenga pua ya chuma yenye vioo ambamo mtu alilala kifudifudi akitazama bahari inavyopita. Hapo ndipo vito vya Simone vilipokwenda.

Ndani ya Calypso ya Novemba 1951 alikuwemo mtu ambaye watu wa Goma na Rutshuru wana haki ya kumdai kidogo: Haroun Tazieff, mtaalamu wa volkano. Miaka mitatu tu kabla, mwaka 1948, Tazieff alikuwa Kivu, akitembea pembeni ya moto wa Kituro ulipolipuka, na akaliona ziwa la lava la Nyiragongo ambalo baadaye alirudi kushukia karibu yake kwa kamba. Kutoka kwenye volkano zetu aliingia ndani ya meli ya Cousteau kuchunguza miamba ya Bahari Nyekundu. Safari hiyo aliiandikia kitabu. Pamoja naye walikuwepo wataalamu wa wanyama wa baharini, daktari, fundi wa kamera, na Simone. Wanamaji walimwita mama huyo mchungaji wa kundi. Miaka iliyofuata alikaa ndani ya Calypso siku nyingi kuliko mume wake, lakini alikataa kuonekana mbele ya kamera.

Walielekea visiwa na miamba ya Farasan, upande wa Arabuni, ambako ramani zilikuwa na makosa na meli ilipita polepole katikati ya matumbawe yanayoweza kupasua mbao. Wakaweka kambi juu ya kisiwa kidogo cha Abu Latt. Ni vizuri kusema ukweli hapa: Cousteau hakuwa wa kwanza. Hans Hass, Mwaustria, alikuwa amezama Port Sudan mwaka 1949, akarudi 1950 pamoja na Lotte aliyekuja kuwa mke wake, akapiga filamu ya manta wakubwa wakila karibu naye, na filamu yake ikashinda mjini Venice mwaka 1951, kabla Calypso haijang'oa nanga. Wawili hao hawakupendana sana. Hass alikuwa mtu wa manta na papa. Cousteau alikuwa mtu wa meli, watu wengi, pesa na sinema.

Manta wenyewe walikuwa na jina baya kwa karne nyingi. Wafaransa na Waingereza waliwaita mashetani wa baharini, kwa sababu ya zile pembe mbili zinazochomoza mbele ya mdomo. Wazamiaji wa lulu walisimulia kwamba manta hufunika mtu kwa mabawa yake kama blanketi na kummeza. Mdogo wao, yule wa matumbawe, hufika upana wa mita tano hivi. Yule wa bahari kuu anaweza kufika mita saba, upana unaozidi urefu wa mitumbwi mingi ya Idjwi. Lakini hana mwiba wa sumu mkiani kama ndugu zake taa, wala hali mtu. Zile pembe ni kama mikono ya kuelekezea chakula: anakunja na kukunjua ngozi hiyo, maji yanaingia mdomoni, vijidudu vidogo vya baharini vinabaki, maji yanatoka. Ili kumwona akila mara nyingi mitungi haihitajiki, kwa kuwa chakula hicho hukusanyika karibu na juu. Tuba na kioo vinatosha. Katika ghuba ya Hanifaru, Maldivi, ambako manta hukusanyika kwa makumi, kuzama kwa mitungi kumekatazwa na wageni wanaelea tu juu. Kazi ya watu kama Hass, Dumas na Cousteau ilikuwa kuingia majini mbele ya macho ya ulimwengu na kutoka wakiwa hai. Hofu iliisha hivyo.

Mwaka 1953 Cousteau na Dumas walitoa kitabu kuhusu ulimwengu wa kimya, kikatafsiriwa katika lugha zaidi ya 20 na kuuzwa nakala milioni kadhaa. Mwaka 1954 Calypso ilikuwa katika Ghuba ya Uajemi, na kazi yake haikuwa samaki. Kampuni ya mafuta ya Waingereza ilimlipa Cousteau ili wazamiaji wake wachukue mawe chini ya bahari mbele ya Abu Dhabi. Mawe yalisaidia kutafuta mafuta, mafuta yakapatikana, na pesa zile zikaiweka meli hai. Mlinzi mkubwa wa bahari wa karne ya 20 alianza, kwa sehemu, kwa pesa ya visima vya mafuta vya baharini.

Kisha ikaja filamu. Kijana Louis Malle, aliyekuwa bado katika miaka yake ya ishirini, alishika kamera pamoja na Cousteau, na mwaka 1956 Le Monde du silence ilipata Palme d'Or huko Cannes, na mwaka uliofuata Oscar. Watu wasiojua kuogelea waliona kwa rangi matumbawe ya Bahari Nyekundu, na huko Assumption, kisiwa cha Ushelisheli, waliona chewa mnene aliyekula mkononi mwa wazamiaji kama mbwa wa nyumbani.

Anayeitazama filamu hiyo leo anaweza kushindwa kuvumilia. Mabaharia wanakalia migongo ya kobe wakubwa na kucheka. Wanatupa baruti kwenye matumbawe ili wahesabu samaki waliokufa, huku msimulizi akieleza kwamba kwa wavuvi ni marufuku lakini kwa wanasayansi inaruhusiwa. Hoja hiyo mvuvi wa Kalemie au Uvira aliyenyang'anywa wavu wake wa chandarua angeisikiliza kwa makini. Meli inamgonga mtoto wa nyangumi, mapanga ya mashine yanamkata, wanammaliza. Papa wanapokuja kula mzoga, wanamaji wanawavuta juu ya meli na kuwapiga kwa mashoka, kwa hasira, kana kwamba papa ndio waliotenda kosa. Cousteau hakuificha sehemu hiyo. Wakati ule haikumjia kwamba kulikuwa na kitu cha kuficha.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1957 akawa mkurugenzi wa jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Mwaka 1960 shirika la nyuklia la Ufaransa lilipotaka kutupa taka za mionzi ndani ya Mediterania, alisimama hadharani kupinga, watu wa pwani wakamfuata, na mpango ukasimamishwa. Hata hivyo bado aliamini kwamba binadamu ataishi chini ya bahari kama mkulima na mchimbaji. Mwaka 1963, huko Sha'ab Rumi, si mbali na Port Sudan, alijenga kijiji kizima chini ya maji. Watu waliishi humo mwezi mmoja, kwenye kina cha mita kumi hivi, wakipika, wakivuta sigara na kumfuga kasuku. Sehemu ya pesa ilitoka tena katika mafuta. Filamu ya kijiji hicho ilimletea Oscar ya tatu. Baada ya jaribio la tatu, la mita 100, mwaka 1965, aliachana na ndoto hiyo. Banda la chuma ambamo waliegesha chombo chao cha kuzamia limebaki Sha'ab Rumi hadi leo, limeota matumbawe.

Tangu 1968 televisheni ya Marekani ilimpa mfululizo wa vipindi uliozunguka dunia. Kofia nyekundu ya sufu, ambayo aliiazima kwa wazamiaji wa zamani wa kofia za chuma, ikawa alama. Aliporudi mahali alipozama miaka 20 au 30 kabla, hasa Mediterania, akakuta mchanga mtupu. Mwaka 1973 alianzisha shirika la kulinda bahari lenye jina lake. Uzeeni aliongoza mapambano ya kuzuia uchimbaji wa madini katika Antaktika, akakusanya sahihi zaidi ya milioni moja, na mwaka 1991 mataifa yalitia sahihi mkataba wa kuukataza.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Philippe, mtoto wa pili, rubani, mpiga filamu na mrithi aliyechaguliwa, alikufa tarehe 28 Juni 1979 ndege yake ya kutua majini ilipoanguka katika mto Tagus, karibu na Lisbon. Mke wake alikuwa mjamzito. Baba akamwita Jean-Michel, mwanawe mkubwa, aje asaidie, na kwa miaka zaidi ya kumi wakafanya kazi pamoja. Simone alikufa Desemba 1990. Miezi sita baadaye Cousteau, mwenye miaka 81, alimwoa Francine Triplet, na watu wakajua kwamba tayari alikuwa na watoto wawili naye, waliozaliwa miaka ya 1980 na 1982. Ukoo ukapasuka. Jean-Michel alipofungua hoteli ya watalii Fiji, kwenye maji ya joto yenye matumbawe, na kuipa jina la Cousteau, baba yake alimshtaki. Ikaamuliwa kwamba jina la hoteli litangulizwe na Jean-Michel. Mzee aliyekuwa amewatamanisha watu wote wende kutazama samaki hakutaka jina lake liwekwe juu ya mlango wa hoteli inayowapeleka, wakati lilikuwa limekwishawekwa juu ya vitu vingi vingine.

Manta nao, baada ya kuacha kuogopwa, waliwindwa kwa sababu nyingine: mashavu yao yanauzwa Asia kama dawa. Jike huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, baada ya mimba ya mwaka mzima hivi, na anaweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Biashara yao iliwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 2013 tu, miaka 16 baada ya kifo cha Cousteau.

Januari 1996, bandarini Singapore, tishari liliigonga Calypso, ikazama. Walivua mabaki yake, yakapelekwa Ufaransa. Kamanda, aliyekuwa anatafuta pesa za kujenga Calypso ya pili, alikufa kwa ugonjwa wa moyo mjini Paris tarehe 25 Juni 1997, akiwa na miaka 87. Ibada ilifanyika Notre-Dame, na akazikwa Saint-André-de-Cubzac, alikozaliwa. Warithi waligombania ile meli kwa miaka mingi huku mbao zake zikioza kwenye gati, hadi mwaka 2016 ilipopelekwa Uturuki kutengenezwa. Mwaka uliofuata, moto ulizuka katika karakana ukaunguza sehemu yake.